KODI YA NYUMBA KATIKA UNYANYEMBE

Katika Kiswahili neno kodi hubeba mizigo miwili. Kodi ni mali anayotoa raia kwa Serikali, na kodi ni fedha anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba. Wako waliotaka kuitenga hii ya pili kwa kuiita pango, na katika maandishi ya sheria wamefaulu kidogo. Walakini mitaani, mwisho wa mwezi ufikapo, mtu hugongewa mlango akaulizwa kodi, na hapana anayedhani kwamba aliyebisha hodi ni karani wa Serikali. Kuchanganyika huku si umaskini wa lugha. Mtu akiichunguza historia ya Tabora na ya njia kuu ya misafara iliyopita hapo, ataona kwamba kodi hizi mbili zimefuatana tangu zamani, na kwamba kila mara mtawala alipoigusa moja, ya pili ilitikisika. Malalamiko ya wenye nyumba juu ya sheria za kuwekea kodi mpaka yana umri mkubwa kuliko sheria zenyewe.

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, makao ya wafanya biashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Walipokewa na Snay bin Amir, wakapewa tembe la kukaa lililoachwa wazi na mwenyewe, aliyekuwa amerudi Unguja. Hawakutozwa kodi. Walitumiwa vyakula vya ukaribisho, nao wakatarajiwa kulipa fadhila hiyo kwa namna yake: kwa zawadi, kwa habari za pwani, na kwa kuwa wageni wa mtu fulani na si wa mtu mwingine. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini katika Kazeh ya wakati ule mgeni aliweza kukaa miezi bila ya kupewa jembe, maana nyumba tupu zilikuwapo. Burton aliandika kwamba Waarabu wa Unyanyembe ilikuwa nadra kuzidi watu 25, na majira ya safari wakabaki watatu au wanne tu. Wengine walikuwa njiani, ama kwenda Ujiji na nchi za ng'ambo ya ziwa, ama kurudi pwani na pembe. Tembe lililofungwa huoza. Tembe lenye mgeni ndani hulindwa, huwashwa moto, na paa lake huangaliwa.

Jambo hili la paa lastahili kusemwa zaidi, kwa kuwa ndilo kiini cha ugomvi wote uliofuata. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye ua katikati, kuta za udongo mnene, baraza mbele, na paa la bapa la udongo ulioshindiliwa juu ya boriti na fito. Wakati wa kiangazi ni nyumba nzuri kupita nyingi: ndani baridi, na juu pa kuanikia nafaka. Lakini masika ya Unyanyembe ni makali, na paa lisilokandikwa upya kila mwaka huvuja, kisha huinama, mwishowe huanguka. Nyumba ya udongo haihimili vishindo, na kishindo cha kwanza ni mvua. Katika karne ya kumi na tisa gharama ya kukandika haikuonekana katika hesabu ya mwenye tembe, kwa sababu kazi hiyo ilifanywa na watumwa wake. Ukarimu wa Kazeh, ambao wasafiri wa Kizungu waliusifu sana katika vitabu vyao, ulisimama juu ya migongo hiyo. Utumwa ulipokwisha kabisa kisheria, nao katika Tanganyika haukufutwa mpaka mwaka 1922, udongo na maji ya kukandikia vilianza kuwa na bei.

Wapagazi hawakulala katika matembe hayo. Wanyamwezi walikwenda kwao, na wale waliotoka pwani walijijengea vibanda au walikaa katika makambi nje ya mji. Mji wa wenye nyumba na mji wa wasio na nyumba ulikuwa umekwisha gawanyika kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa hapo.

Yafaa kukumbuka pia kwamba hata mwenye tembe hakuwa na ardhi. Waarabu walijenga kwa idhini ya mtemi, na mtemi Fundikira aliwaacha bila ya kuwatoza ushuru wa bidhaa. Fundikira alipofariki mwaka 1858, akatawala Mnywa Sere, naye akaamuru bidhaa zote ziingiazo nchini mwake zitozwe. Wafanya biashara walikataa. Walidai kwamba desturi ya mtemi aliyetangulia ilikuwa ni haki yao, na kwamba wao ndio walioleta utajiri uliokuwa ukitozwa. Mnywa Sere alijibu kwa hoja isiyo ngumu kuelewa: nchi ni yake. Ugomvi ukawa vita. Mwaka 1860 Waarabu wakamweka Mkasiwa katika kiti, na Mnywa Sere akageuka mtu wa porini akikata njia za misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir, yule mwenyeji wa Burton, alikwisha kufa katika vita hivyo mwaka 1861. Wanahistoria wameieleza vita hii kama vita ya biashara, na hawakukosea. Lakini ndani yake limo swali ambalo baadaye litarudi kwa mavazi mengine: yule aliyejenga juu ya ardhi ya mwingine, na kunufaika kwa jengo lake, anawiwa nini na mwenye nchi? Na je, ahadi ya mtawala wa jana yamfunga mtawala wa leo?

Miaka kumi baadaye nyumba ikapata kazi nyingine. Agosti 1871 Mirambo wa Urambo aliushambulia mji, sehemu yake ikateketea kwa moto, na watu wakakimbilia Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapo, ambako Henry Stanley alikuwa amepewa tembe. Stanley akatoboa kuta zake matundu ya bunduki, akangoja. Mirambo hakuja. Katika tembe hilohilo yeye na Livingstone walikaa mwanzoni mwa mwaka 1872, na Livingstone akabaki humo peke yake akingoja wapagazi mpaka mwezi Agosti. Halikuwa lake wala la Stanley. Lakini wageni wa leo huonyeshwa kama tembe la Livingstone, na jina la aliyelijenga halimo midomoni mwa watu. Mpangaji mashuhuri humfuta mwenye nyumba.

Wadachi walipandisha bendera Tabora mwaka 1890, na Januari 1893, baada ya boma la mtemi Isike kuvunjwa na Isike mwenyewe kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa, wakawa mabwana wasiopingwa. Amri yao ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Na mwaka 1897 ikaja amri ya kodi ya nyumba na vibanda. Hapo ndipo kodi zile mbili zilipofungwa katika furushi moja. Kila paa lilihesabiwa. Mtu mwenye nyumba moja alitafuta rupia kwa kuuza nafaka au kwa kubeba mizigo. Mtu mwenye nyumba mbili aliona njia nyepesi zaidi, nayo ni kumweka mpangaji katika ile ya pili ili rupia zake zilipie zote. Kupangisha, ambako zamani kulionekana kama jambo la aibu kidogo kwa mwungwana, kukawa ni akili ya kawaida.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Misafara mikubwa ikafa, na miembe iliyopandwa kando ya njia ikabaki kivuli cha watu waendao sokoni. Mji ambao kwa miaka 60 uliishi kwa wapita njia sasa ulikuwa na watu wa mshahara: wa karakana, wa stesheni, makarani, askari, na baada ya Wabelgiji kuuteka mwezi Septemba 1916 na Waingereza kuupokea, walimu na wanafunzi wa shule iliyopata sifa katika Tanganyika nzima. Njia ya kwenda Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, biashara kubwa ilianza kuhamia kwenye ziwa, lakini wafanya kazi wa reli walibaki, na kila mmoja alihitaji chumba. Majina ya mitaa yaeleza habari hii vizuri kuliko ramani: Gongoni, Kanyenye, Ng'ambo, Tambuka Reli.

Nyumba iliyowapokea haikuwa tembe tena. Ilikuwa ile nyumba ya Kiswahili ijulikanayo toka Bagamoyo hata Ujiji: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha kwa mwezi. Wengi wa wenye nyumba hizi hawakuwa matajiri. Walikuwamo wazee waliostaafu kazi, wajane, na wanawake waliotumia fedha ya biashara ya pombe au vitumbua kununua mabati. Mpangaji humwita baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba, na jina hilo si la heshima tupu. Mwenye nyumba huingilia ugomvi wa mke na mume, huenda mazikoni, na kodi ikichelewa husubiri, au hasubiri, kwa kufuata undugu huo. Kisima ni kimoja, choo kimoja, na mlango wa mbele mmoja.

Sheria za kudhibiti kodi hazikutungwa kwa ajili ya nyumba ya namna hii. Asili yake ni Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 wenye majumba wa Glasgow walipandisha kodi wakati waume walipokuwa vitani na viwanda vya silaha vimejaa watu. Wanawake, Mary Barbour akiwa mmoja wa viongozi wao, walikataa kulipa na kuwafukuza wapeleka amri za mahakama. Mwezi Desemba mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuzuia nyongeza. Katika nchi za Waswahili tukio lililo karibu zaidi lilitokea Unguja mwaka 1928, pale wakazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja. Huko watu walimiliki vibanda vyao, lakini ardhi ilikuwa ya matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, ambao katika miaka ile waligeuza kodi ndogo ya kidesturi kuwa kodi ya soko. Serikali ililazimika kuweka kizuizi. Tabora ilikuwa na Ng'ambo yake, lakini mgomo kama ule haukuwezekana, kwa kuwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa chini ya Gavana, na mwenye nyumba alikuwa na haki ya kukaa tu. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba mwenyewe alikuwa mpangaji, na juu ya kiwanja chake alilipa kodi. Ugomvi ulioshindikana kwenye ardhi ukaingia chumbani.

Vita Kuu ya Pili ilileta vizuizi vya kodi katika Afrika ya Mashariki, na Tanganyika ikapata sheria kamili mwaka 1951, kisha nyingine mwaka 1962 baada ya uhuru. Misingi ilikuwa mitatu. Kila nyumba iliyohusika ina kodi yake halali, na kuizidisha ni kosa. Mpangaji alipaye hafukuzwi ila kwa amri ya baraza au mahakama, na kwa sababu zilizotajwa. Na ni marufuku kudai malipo ya mkupuo kabla ya kumpa mtu nyumba. Katika baraza la mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru, aliyeshika sheria alikuwa Chifu Abdallah Fundikira, wa ukoo uleule wa watemi wa Unyanyembe. Karne moja baada ya Mnywa Sere, mjukuu wa kiti kile alikuwa upande wa watunga sheria, na wenye nyumba wakawa upande ule waliokaa Waarabu wa Kazeh.

Malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Kodi halali hupimwa kwa siku fulani iliyopita, lakini bati, saruji na ujira wa fundi hununuliwa kwa bei ya leo. Mpangaji asiyeondoka huweza kumpangisha mwingine chumba kile kwa bei anayoitaka, akala faida ambayo mwenyewe amekatazwa. Kesi huchukua miezi. Mjane wa Kanyenye aliyetaka chumba kimoja kwa ajili ya mwanawe aliyeoa hakuwa na wakili wala nauli ya kupoteza. Sheria ilimtazama kama ilivyomtazama mwenye ghorofa la maduka karibu na stesheni, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Ilidhani kwamba kila mwenye nyumba ni mwenye nguvu.

Walakini wenye nyumba nao walipata dawa yao, na dawa hiyo ilikuwa kilemba. Katika desturi, kilemba ni zawadi apewayo mwalimu mwanafunzi ahitimupo, au mjomba harusini. Katika mji wa Bombay Wahindi walikwisha lifanya neno lao lenye maana hiyohiyo ya kilemba kuwa jina la fedha ya mlangoni, na huenda wafanya biashara wao ndio walioifundisha Afrika ya Mashariki namna hiyo ya kuita. Kodi ya mwezi ilibaki ndogo kama sheria itakavyo, na kilemba kikawa kikubwa kama soko litakavyo, kikipita mkononi bila ya hati. Neno hongo, ambalo kwenye njia ya misafara lilikuwa ushuru wa halali wa mtemi, lilikwisha shuka hadi kuwa rushwa. Kilemba kilifuata njia hiyohiyo. Na pasipo kilemba, ilikuwapo dawa ya pili, isiyovunja sheria yoyote: kutokukarabati. Paa likavuja. Mpangaji mwenye kodi ya chini alilindwa asitolewe katika nyumba ambayo polepole ilikuwa ikimtoa yenyewe.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilibadili jina la jambo hili. Mpaka siku ile kupangisha kulikuwa biashara yenye mipaka. Tangu siku ile, kwa kiongozi, kukawa ni unyonyaji. Sharti lilikataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Si ajabu kwamba sharti hili liliumiza kuliko yale ya hisa na mishahara miwili, maana watu waliokijenga chama mijini hawakuwa na hisa. Wengi walikuwa na nyumba, na baadhi yao zilikuwa nyumba hizihizi za vyumba sita. Bibi Titi Mohamed alijiuzulu katika Kamati Kuu. Tabora, ambako mwezi Januari 1958 chama kilifanya mkutano wake mashuhuri wa kukubali uchaguzi wa kura tatu, ilikuwa mji wa watu wa namna hiyo hasa. Alichokiita mwalimu wa siasa mrija, mzee wa Gongoni alikiita pensheni.

Mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: kila jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilichukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Majengo yaliyofikia umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Mitaa ya maduka iliguswa, na wengi wa wenye majengo walikuwa wa asili ya Kiasia; wako waliofunga safari kwenda Kanada na Uingereza. Nyumba ya vyumba sita ilinusurika, kwa kuwa haikufikia thamani hiyo. Lakini hofu haipimwi kwa shilingi. Mwenye nyumba ya udongo hakuhitaji kuelezwa kwamba mpaka uliowekwa kwenye 100,000 ungeweza kushushwa kesho, na aliyekuwa na fikira ya kuongeza banda uani akaiacha.

Msajili naye, akiisha kuwa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini, alianza kulalamika malalamiko yaleyale. Hapa historia haikosi mzaha. Kodi aliyoipokea haikutosha ukarabati, wapangaji waliuziana vilemba, mabomba yalipasuka. Sheria mpya ya mwaka 1984 iliunda mabaraza ya nyumba na kukadiria kodi upya, lakini bei za vitu katika miaka ile zilikimbia kuliko kalamu ya mkadiriaji. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka uliofuata, huko Zanzibar, chama kikalegeza sharti la viongozi. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa.

Wenye nyumba walipata walichokidai kwa zaidi ya miaka 50. Walichokifanya na uhuru huo kinajulikana: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mara nyingine ya mwaka mzima, kabla ya kukabidhi ufunguo. Kilemba kimerudi kikiwa halali, kimevaa jina la malipo ya awali. Mwalimu mgeni apangiwaye shule ya Tabora huanza kazi kwa kukopa. Wenye nyumba hujibu kwamba mpangaji wa siku hizi huhama usiku na deni, kwamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni refu kwa kesi ya chumba, na kwamba fedha ya mkupuo ndiyo inayonunua bati. Majibu haya yana ukweli ndani yake, ila hayaelezi kwa nini hatari yote ibebwe na asiye na nyumba.

Na kodi zile mbili zimekutana tena mahali pasipotarajiwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji. Anayedaiwa na Serikali ni mwenye nyumba. Wapangaji waliambiwa wapunguze fedha hiyo katika kodi ya chumba wakati wa kulipa. Lakini aliyekwisha kulipa mwaka mzima hana cha kupunguza, na katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, kila mwezi hukaa barazani watu sita na mama mwenye nyumba, wakihesabu ni nani aliyenunua umeme safari hii, na 1,500 zile ni kodi ya nani.